Kakamega wanalima, vyuo vya kibinafsi vinavuna. Na sisi Pwani?

Soma orodha ya wachezaji wa timu yoyote ya chuo kikuu cha kibinafsi inayocheza ligi kubwa hapa Kenya, iwe ni raga, magongo au mpira wa vikapu. Utakutana na kina Wafula, Makokha, Shikuku na Wanjala, kisha kina Otieno wawili watatu. Majina ya kwetu, kina Athman na Mwanajuma, kina Katana na Mwakio, utayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vitabaki.

Wapo wanaosema vijana wetu ni wavivu, wamezoea baraza na kahawa. Maneno haya nimeyasikia hata kwa Wapwani wenyewe na huwa yananichoma, kwa sababu hayana ukweli. Shule ya Kaya Tiwi kule Kwale imekuwa jina la kuogopwa katika mpira wa vikapu wa wasichana kwa miaka, na imewatoa jasho wasichana wa kila pembe ya nchi hii. Wasichana wa Tiwi hawakuletwa na meli. Ni watoto wa wavuvi, wakulima na wauza mboga. Basi uwezo upo. Kinachokosekana ni kitu chengine, na ili tukione vizuri naomba tusafiri kidogo hadi Kakamega.

Ni mbali, karibu kilomita 900 kwa barabara kutoka Mombasa, lakini si ugenini kama watu wanavyodhani. Misafara ya biashara ya wazee wetu ilifika kwa Nabongo Mumia kabla Mwingereza hajapafanya Mumias makao yake ya utawala, na Waislamu wa Mumias wa leo ni matunda ya safari zile. Ofisi za serikali zilihamishwa kutoka Mumias kwenda mji wa Kakamega mwaka 1920. Na wapenzi wa kandanda watakumbuka kwamba CECAFA ya 2017, ile ambayo Zanzibar Heroes walitutoa machozi waliposhindwa na Kenya kwa penalti katika fainali ya Machakos, baadhi ya mechi zake zilichezwa uwanja wa Bukhungu, hapo hapo Kakamega.

Kaunti ile imejenga kitu ambacho wengi hawakioni kwa sababu hakikuzinduliwa na mtu kwa kukata utepe. Kinaanzia shuleni. Kakamega School na Musingu katika soka ya wavulana, Butere katika soka ya wasichana, Mukumu katika voliboli. Haya ni majina ambayo mkufunzi yeyote wa Kenya anayajua kama anavyojua jina la mamake. Mtoto akitoka hapo, hata kabla ya kuvuka mpaka wa kaunti, ana pa kwenda. Kiwanda cha West Kenya Sugar kina timu ya raga, Kabras, iliyotwaa Kenya Cup mwaka 2016 na tena 2022. Kiwanda cha Butali kina timu ya magongo, Butali Warriors, ambayo imekuwa bingwa wa nchi zaidi ya mara moja. Hebu fikiria: kiwanda kilichozungukwa na mashamba ya miwa, na timu yake inawafunga mabwana wa klabu za Nairobi kwa mchezo ambao sisi tuliudhani ni wa Wahindi na Wazungu! Katika soka wana Kakamega Homeboyz, ambao mwaka 2022 walikosa ubingwa wa ligi kuu kwa tofauti ya mabao tu, pointi zao zikiwa sawa na za Tusker.

Halafu kuna chuo kikuu. Masinde Muliro, au MMUST kama wanavyokiita, ni cha umma. Kilianza mwaka 2002 kama chuo kishiriki cha Moi na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Timu yake ya raga imewahi kupanda hadi Kenya Cup, na ya soka imecheza Super League, daraja moja tu chini ya ligi kuu. Kwa hivyo kijana wa Kakamega anaweza kutoka kidato cha nne, akasoma shahada yake nyumbani na akacheza mchezo wa kiwango cha juu, yote hayo bila kulala nje ya kaunti.

Sisemi kila kitu kule ni asali. Mumias Sugar nayo ilikuwa na timu ya soka, na ilishinda kombe la taifa mwaka 1996. Leo timu hiyo haipo, na kiwanda chenyewe kikaishia mikononi mwa mrasimu wa benki mwaka 2019. Mchezo unaotegemea tajiri mmoja huzikwa siku anayozikwa tajiri huyo. Lakini mnyororo wa Kakamega una pete nyingi, na moja ikikatika nyengine hushika.

Vyuo vikuu vya kibinafsi vinaingia hapo, kwenye shamba lililokwisha kulimwa na kupaliliwa. Strathmore wana Leos katika raga na Gladiators katika magongo. USIU wana Spartans wa magongo, na Flames na Tigers wa mpira wa vikapu. Zetech wana Sparks, wasichana wanaocheza vikapu na hata soka katika ligi za juu. Chuo cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki wana Monks, Daystar wana Falcons. Vyote viko Nairobi na pembezoni mwake. Wakufunzi wao huenda kwenye mashindano ya shule za upili wakakaa pembeni ya uwanja na daftari, na mchezo ukiisha huzungumza na mwalimu, kisha na mzazi. Ahadi yao ni moja: mtoto acheze, karo itashughulikiwa.

Tuelewe hesabu yake, maana wazazi wengi hudhani chuo kinatoa sadaka. Chuo cha kibinafsi huishi kwa karo, na kila mwaka kinapigania wanafunzi na wenzake. Bango moja la barabara kuu ni ghali na watu hulipita bila kulitazama. Timu inayocheza ligi kuu hutajwa gazetini na redioni kila wiki, na jina la chuo ndilo jina la timu. Upande wa gharama, mtoto anaposamehewa karo chuo hakitoi noti mfukoni. Darasa lipo, mhadhiri analipwa tayari, kiti kimoja zaidi hakiongezi kitu kikubwa. Ndiyo maana vyuo hupenda kutoa msamaha wa karo, lakini vikiulizwa habari ya kitanda, chakula, nauli na matibabu, mazungumzo hupoa ghafla. Hivyo ndivyo vitu vinavyotaka pesa taslimu.

Biashara hii haina haramu. Mtoto anatoa jasho lake alfajiri na magharibi, chuo kinatoa elimu ambayo bei yake ni laki moja na ushei kwa muhula, na kwengine zaidi ya mara mbili ya hapo. Ni haki ikiwa mwisho wake mtoto atavaa joho. Taabu yangu ni kwamba mara nyingi makubaliano haya hufanywa kwa mdomo, kama watu wanaonunuliana kahawa.

Namjua kijana mmoja wa Kisauni. Yeye sitamtaja, na chuo chake sitakitaja. Alikuwa mchezaji hodari, akaitwa na chuo cha kibinafsi huko bara, akaambiwa nusu ya karo imesamehewa. Familia ikajikakamua kwa nusu iliyobaki, mjomba huyu akatoa, shangazi yule akatoa, harambee ikapigwa baada ya swala ya Isha. Mwaka wa pili goti likachanika mechini. Muhula uliofuata, alipofungua akaunti yake ya karo, akakuta deni zima, ile nusu ya msamaha imefutwa. Babake akapanda basi la usiku kwenda kuuliza. Akaombwa barua ya ufadhili. Barua haikuwepo. Kulikuwa na neno la mkufunzi, na mkufunzi alikuwa ameshahamia timu nyengine. Kijana amerudi nyumbani, anauza vifaa vya ujenzi dukani kwa jamaa, na matokeo yake ya ile miaka miwili yamezuiliwa hadi deni lilipwe. Anachechemea kidogo akipanda ngazi.

Hakuna mtu mbaya katika kisa hiki, ukikichunguza. Mkufunzi pengine alisema kweli yake. Karani wa karo alifanya kazi yake. Lakini mzigo wote wa ajali ya uwanjani ulimwangukia mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliohusika, ilhali bao alizofunga zilibaki kwenye kumbukumbu za chuo.

Wenzetu Wamarekani, ambao ndio waliovumbua mtindo huu wa kumlipia mwanamichezo masomo, walichukua miaka mingi kurekebisha jambo hilo. Wakenya tuliwapelekea watu mapema. Henry Rono alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo la Washington mwaka 1978 alipovunja rekodi nne za dunia katika siku 81. Chuo kikapata sifa ambayo pesa haziwezi kuinunua. Rono mwenyewe baadaye alipita katika dhiki nzito, hadi kubebea watu mizigo kwenye uwanja wa ndege. Ilipofika 2015 ndipo miungano mitano mikubwa ya michezo ya vyuo kule Marekani ilipopitisha kwamba ufadhili wa mwanafunzi usifutwe kwa sababu za uwanjani. Sheria ya sentensi moja, na hata sisi tunaweza kuiandika. Vyuo vyetu vyote, vya umma na vya kibinafsi, viko chini ya sheria moja ya vyuo vikuu ya mwaka 2012 na chini ya tume moja inayovisimamia. Tume hiyo hukagua maktaba, hukagua maabara, hukagua vyoo. Sioni kwa nini isikague na barua za ufadhili wa michezo.

Jambo hili limekuwa la dharura zaidi tangu Mei 2023. Kabla ya hapo, kuanzia 2016, serikali ilikuwa ikiwapeleka baadhi ya wanafunzi wake katika vyuo vya kibinafsi na kuwalipia sehemu ya karo. Mfumo mpya wa ufadhili ulipotangazwa, mfereji huo ukafungwa. Anayekwenda chuo cha kibinafsi anaweza kuomba mkopo, lakini ile ruzuku ya serikali hana. Kwa familia ya Likoni au ya Msambweni, hii ina maana kwamba mlango wa chuo cha kibinafsi umebaki na funguo mbili tu: mzazi mwenye mali, au mtoto mwenye miguu na mikono ya ajabu. Funguo ya pili ndiyo wanayoitumia watoto wa Kakamega, na wanaitumia vizuri kwa sababu shule zao zinajulikana na wakufunzi wanajua njia ya kwenda kule.

Sasa nije kwenye lile ambalo wazazi wa kwetu hunong'ona nalo na hawalisemi mkutanoni. Binti atavaa nini? Ataswali wapi? Ramadhani itakuwaje? Hofu hizi ni za haki na nisingependa mtu azicheke. Lakini nyingi zina majibu. FIFA iliruhusu hijabu uwanjani mwaka 2014. Shirikisho la mpira wa vikapu duniani, FIBA, ambalo lilikuwa kaidi zaidi, likaruhusu mwaka 2017. Kwa hivyo mkufunzi akimwambia binti yako kwamba kanuni zinakataa mtandio, ama hajui au hataki kujua. Mechi za ligi nyingi huwa Jumamosi na Jumapili. Timu ikisafiri Ijumaa kutoka Nairobi kwenda kucheza Kakamega, msafiri ana ruhusa yake katika dini na masheikh wetu wataieleza vizuri kuliko mimi.

Na tusidhani sisi pekee ndio wenye masharti. Chuo cha Baraton kule Nandi, si mbali na Kakamega, ni cha Waadventista, na ndicho chuo kikuu cha kibinafsi cha kwanza kupewa hati kamili hapa Kenya, mwaka 1991. Kuanzia jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi, Waadventista wako katika Sabato yao, na mpira hungoja. Kule Marekani chuo cha Wamormoni, Brigham Young, hakichezi Jumapili, na waandaaji wa mashindano ya taifa hupanga ratiba wakilijua hilo. Wale hawakuomba radhi kwa dini yao. Waliandika masharti yao mapema, wengine wakajipanga nayo. Mzazi Mwislamu anayekaa na mkufunzi mezani anaweza kutaja mazoezi ya Ramadhani, mavazi, na chumba cha binti kikiwa safarini, na yakaandikwa. Ukinyamaza, hakuna atakayekukisia.

Nikirudi nyumbani, ndipo ninapoona pete iliyokosekana. Juu tuna vitu. Bandari ya Mombasa ina Bandari FC katika soka, na KPA katika vikapu, ambayo wasichana wake wamekuwa mabingwa wa nchi mara kadhaa. Chini tuna Kaya Tiwi, tuna Serani, tuna Shimo la Tewa. Katikati pana shimo. Katika orodha ya vyuo vikuu vya kibinafsi vyenye hati kamili, hakuna hata kimoja chenye makao makuu yake Pwani. Tuna matawi, na tawi halina uwanja. Mara nyingi ni ghorofa mbili juu ya benki, na mwanafunzi akitaka kunyoosha miguu hushuka ngazi. Umma, chuo chetu cha Kiislamu, kiko Kajiado, na jina lake halisikiki katika ligi kuu za michezo niliyoitaja. Chuo Kikuu cha Pwani na Chuo cha Kiufundi cha Mombasa vyote vilipata hati zao mwaka 2013, vya umma vyote viwili, na hadi leo hakuna timu yao inayotisha mtu kitaifa kama MMUST wanavyotisha wakiwa na uwanja wa kawaida tu.

Basi msichana wa Tiwi akimaliza kidato cha nne anaruka kutoka Kwale hadi Thika Road kwa mkupuo mmoja. Akifaulu huko na akang'ara, KPA humfuata na kumrudisha Mombasa kwa mshahara. Yaani bandari yetu hununua Nairobi bidhaa iliyotoka Diani. Wale wasioweza kuruka, ambao ni wengi, hucheza mechi yao ya mwisho wakiwa na miaka 18.

Na viwanja? Uwanja wa Manispaa wa Mombasa ulifungwa ili ukarabatiwe enzi za Gavana Joho, na tukazeeka tukiutazama. Wakati huo huo Kakamega walikuwa wakiinua Bukhungu. Mimi si mtu wa kupenda kulinganisha magavana, maana wote wana maspika yao ya kujisifu, ila zege halisemi uongo.

Lakini si kila kitu kinangoja zege. KPA wangeweza mwaka ujao kukaa na Chuo Kikuu cha Pwani wakawafadhili wasichana kumi wa vikapu, wasome Kilifi, wafanye mazoezi na timu ya bandari wakati wa likizo. Ni sehemu ndogo ya gharama ya kumsajili mchezaji aliyekamilika. Kamati za NG-CDF na basari za kaunti, ambazo kila mwaka hugawanywa elfu mbili elfu tatu hadi hazimsaidii mtu, zingeweza kutenga fungu la kumalizia nusu ya karo pale chuo cha kibinafsi kinaposamehe nusu nyengine. Watoto wanaopewa nusu ndio wanaoanguka njiani, kama yule wa Kisauni. Viwanda vyetu vya saruji na hoteli zetu za ufuoni si maskini kuliko kiwanda cha sukari cha Butali.

Kwa mzazi ambaye simu ya mkufunzi imeshalia, nina neno moja la haraka kabla hujashona sare na kununua sanduku. Itisha barua yenye muhuri wa msajili wa chuo, si wa idara ya michezo, maana mkufunzi huja na kuondoka. Iseme ni asilimia ngapi ya karo na kwa mihula mingapi. Iseme kama kitanda na chakula vimo. Iseme mtoto akiumia mchezoni nani anamlipia hospitali, na kama ufadhili unaendelea hadi amalize shahada yake. Iseme ni alama gani za masomo anatakiwa kudumisha. Ukikuta mahala pameandikwa kwamba ufadhili unaweza kusitishwa wakati wowote kwa hiari ya idara, irudishe wairekebishe, na usiwape nakala ya kitambulisho cha mtoto mpaka irudi. Fanya hivyo hata kama mkufunzi ni mtu mzuri na amekuja nyumbani kwako akala pilau.

Mitihani ya kidato cha nne iko karibu na wakufunzi wa Nairobi tayari wana majina yao daftarini. Majina mengi yatakuwa ya Butere na Musingu. Machache ya Tiwi yatakuwemo, na walimu wa michezo wa Kwale wanawajua wasichana hao kwa jina. Ofisi ya elimu ya kaunti ingeweza kuwaita wazazi wao wiki hii, pamoja na wakili mmoja wa kuwasomea hizo barua.